Kicheko Nyuma ya Kioo

Fundi mitambo alikutwa amekufa ndani ya mashine ya kukandia unga, kichwa chini, miguu nje.

"Nani aliwasha?" Inspekta aliuliza.

"Mimi," alijibu mkandaji, mama wa watoto watatu, tayari kafungwa pingu. "Lakini kofia haikuwepo, afande! Fundi akiingia ndani hutundika kofia yake kwenye swichi. Usipoiona, unawasha. Ndivyo tulivyozoea."

"Kwa nini swichi haifungwi kwa kufuli?"

Meneja alikohoa. Wafanyakazi walikuwa wameomba kufuli kwa barua tatu, miaka mitatu. Inspekta alizikuta zote drooni mwa meneja, hazijajibiwa. Akazichukua kama vielelezo.

Kofia ilipatikana stoo, chini ya magunia. Dirisha la stoo hutazama mashine. Kioo chake kilitandwa na vumbi la unga, isipokuwa duara moja lililofutwa, saizi ya uso. Chini yake kreti limepinduliwa, lina alama ya kiatu.

Mtunza stoo alikuwa shemeji wa marehemu. Ndiye aliyelia kuwashinda wote.

"Ulipanda kreti kutazama nini?"

"Kreti gani, afande?"

"Vua kiatu."

Soli ililingana na alama, mpaka ufa wa kisiginoni. Jamaa akaketi sakafuni.

"Niliificha kofia ili atoke, ahangaike kuitafuta, meneja amfokee. Basi! Kesho angetangazwa msimamizi mbele ya watu. Nyumbani kutwa nasikia shemeji hivi, shemeji vile. Nilitaka nimwone kadhalilika, japo dakika moja."

"Mashine ilipowaka?"

"Alipiga ukelele." Akafunika uso. "Nikacheka, afande. Nilidhani kashtuka tu. Nikacheka mpaka aliponyamaza."

Inspekta aliwageukia wafanyakazi. "Michezo hii kaianza leo?"

Kila mtu alitazama viatu vyake.

"Wiki jana alimwondolea mpakiaji kiti akiwa anaketi, akaanguka akavunjika jino," mkandaji alisema kwa sauti ndogo. "Tulicheka wote. Hata mimi."

Askari alimfungua pingu bila kumtazama usoni.

"Meneja, na wewe panda gari," Inspekta alisema. "Utaeleza kuhusu barua."

Mtunza stoo alimshika mkono wa shati. "Afande, dada yangu yuko getini, anamsubiri mumewe. Nakuomba, usimwambie nilicheka."

"Simwambii," Inspekta alijibu, akafungua mlango. "Utamwambia mwenyewe."