Rangi Asizoziona Hénock

Katika mtaa wa Musonoi, kando ya mgodi wa Kolwezi, umeme ulipenda kurudi alfajiri, wakati watu wenye akili wamelala. Hénock alikuwa akiamka mbio, akichomeka taa ya kuchaji, kisha akienda kuoga. Taa hiyo ilikuwa na kitaa kidogo ubavuni: chekundu wakati inachaji, cha kijani ikishajaa. Akirudi, maji yakimtiririka shingoni, alimwuliza mdogo wake swali lile lile la kila siku.

"Naomie, taa imejaa?"

"Bado, yaya," Naomie alimjibu kaka yake. "Ingali rouge."

Hénock alikuwa hodari wa kuona mbali. Aliweza kusoma namba ya lori kule juu ya shimo la mgodi kabla wengine hawajaliona lori lenyewe. Lakini nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, rangi ya udongo tu. Alipokuwa mdogo aliwahi kumpasia mpira mchezaji wa timu nyingine, kwa kuwa fulana zao zilimchanganya, na mtaa mzima ukamwita Msaliti hadi Krismasi. Tangu hapo aliapa kwamba hakuna atakayejua. Naomie, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye peke yake aliyeambiwa. "Usiambie mutu," kaka yake alimwonya, na yeye akajivunia kutunza siri ya mtu mkubwa.

Sasa Hénock alikuwa amefaulu vizuri mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, naye alitaka jambo moja tu maishani: kuwa rubani. Ndege zilizotua Kolwezi alizijua kwa mlio. Baba yao, tata Mbayo, dereva wa lori la mgodini, alikuwa na kiwanja upande wa pili wa mji, mbali na vumbi na milipuko. Alikinunua ili ajenge nyumba isiyo na nyufa ukutani. Jioni moja alisema atakiuza ili alipie shule ya urubani.

"Nyumba itangoja," alisema. "Mutoto akiruka, atatujengea ingine."

Mama yao, mama Adèle, alitazama ufa uliopanda kutoka dirishani mpaka darini.

Jumapili baada ya misa, walikaa pamoja kuchagua shule. Zilikuwa zimebaki mbili, zote za Afrika Kusini. Hénock alishika simu akawasomea. Ya kwanza ilijaa picha za kupendeza: vijana wenye mashati meupe, ndege zinazong'aa, na bwawa la kuogelea, ingawa sijui rubani anaogelea kwenda wapi. Ilisema, lipeni, njooni, mengine tutayamaliza hapa. Ya pili ilikuwa na picha chache. Ilisema kwamba kabla haijapokea malipo yoyote, mwanafunzi aende kwanza kwa daktari wa marubani, apimwe moyo, masikio na macho, halafu alete cheti.

"Daktari wa nini?" tata Mbayo aliuliza. "Huyu mutoto hajalala hospitali hata siku moja. Ile shule inatuona sisi bagonjwa?"

"Itatuchelewesha tu, tata," Hénock alijibu haraka. "Tuchukue hii ya kwanza."

Naomie alifungua kinywa. Alijua haraka ile imetoka wapi. Hénock alimtazama, si kwa ukali, bali kwa kumsihi. Naomie akafumba kinywa, akaenda jikoni kuangalia maharagwe ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Kiwanja kikauzwa, shule ya kwanza ikalipwa. Kanisani walimwombea Hénock, naye akapanda basi la Lubumbashi ili akapande ndege huko. Mwanzoni alituma picha, na mama Adèle akazionyesha sokoni mpaka wanunuzi wake wakachoka. Kisha picha zikakoma.

Simu ilipolia, tata Mbayo aliongeza sauti ili wote wasikie.

"Tata, daktari wa marubani alinionyesha kitabu," Hénock alisema polepole. "Kila ukurasa iko na nukta za rangi, na ndani ya nukta kuna namba. Benzangu baliona namba. Mi niliona nukta tu. Redio ya ndege ikizima, mnara wa uwanja unaongea na rubani kwa taa: rouge, usitue, ya kijani, tua. Anasema mi siwezi kubeba bantu katika ndege. Na shule inasema makuta, zile feza tulilipa, hairudi."

Tata Mbayo alimwomba arudie, ingawa alikuwa amesikia. Kisha akatoka uani, akakaa juu ya ndoo, na chakula chake kikapoa mezani.

Hénock alirudi amekonda. Baba yake hakumgombeza, na hilo lilimwumiza zaidi. Siku ya pili, walipokuwa wakila, mgodi ulilipua mwamba. Nyumba ikatikisika, na vumbi la ufa likaanguka juu ya bukari, ule ugali wao. Kila mmoja alikumbuka kiwanja. Naomie akasukuma sahani yake.

"Tata, mi nilijua," alisema, machozi yakimtoka. "Taa, penseli, nyanya za sokoni, mi njo nilikuwa ninamwambia rangi. Siku ya kuchagua shule nilinyamaza."

"Ni mi nilimukataza," Hénock alisema.

Mama Adèle aliweka kijiko chini. "Na mi nilijua. Kaka yangu Papy, kule Kisenge, iko vilevile. Nilimuona Hénock anachuma pilipili mbichi na zenye kuiva pamoja, nikaona haya. Nikasema atakomaa, itaisha."

Tata Mbayo aliwatazama mmoja mmoja. "Basi katika hii nyumba," alisema, "mi peke yangu njo nilikuwa sioni."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio cha nyumba hiyo kilikuwa cha kimya.

Majuma yalipita. Tata Mbayo alimpeleka Hénock uwanja wa ndege, kwa mzee mmoja anayepanga safari za ndege: njia, mafuta na hali ya hewa, kazi yote akiwa chini. Kabla hajaulizwa chochote, Hénock alimwambia mzee huyo, "Tata, mi siwezi kutofautisha nyekundu na kijani. Hii kazi itawezekana?" Mzee hakujibu kwa kubahatisha. Alimtuma kwanza kwa daktari, na daktari akasema kazi hiyo anaiweza. Masomo yalikuwa Lubumbashi, na mshahara wa baba ungeweza kuyabeba, kwa kujibana. Hénock alifurahi, lakini ndege ikipita bado aliinua kichwa, kisha akakiinamisha.

"Sikieni, batoto," mama Adèle aliwaambia. "Kutoona rangi haiko kosa, mutu anazaliwa nayo. Kosa letu ni kuificha. Tungesema mapema, Hénock angelia kiloko, siku mbili tatu, halafu angetafuta njia ingine, na kiwanja kingekuwa chetu. Mutu unamupenda, usimusaidie kuficha. Mupeleke kwa daktari."

Asubuhi ya Hénock kuondoka kwenda Lubumbashi, vijana wa jirani walikuja kumuaga. Umeme ulikuwa umerudi.

"Naomie, taa imejaa?" Hénock aliuliza mbele ya wote. "Mi sioni hii rangi."

Kijana mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Imejaa, yaya," Naomie alisema.

Tata Mbayo alikuwa akifunga viatu vya kazi chini ya ule ufa. Aliinua kichwa, akamtazama mwanawe.

"Ungeniuliza na mi vile tangu zamani, ningekuambia rangi," alisema kwa upole. Akachukua kofia yake, akaenda kazini.