Mgonjwa wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Sakafu ilikuwa mbichi. Ilikuwa imedekiwa punde tu, tena na mtu anayejua kudeki, maana hata nyuma ya mlango, mahali wavivu wanapopasahau, maji yalikuwa hayajakauka. Mkaguzi wa nyumba alisimama kizingitini, kitambulisho kifuani na funguo mkononi, akatazama kulia na kushoto. Nyumba namba kumi na nne ilikuwa tupu. Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye, kwa sababu ni yeye aliyeandika kwamba ina mtu.

Tuseme ukweli mapema, maana njia ya mwongo ni fupi na huyu alikuwa ameshafika nusu. Nyumba za mtaa ule ni za halmashauri, wanapangishwa wasio na uwezo wa kupanga kwingine. Kanuni yake hata mtoto anaielewa: nyumba ikibaki wazi, mkaguzi anaandika "tupu" kwenye fomu yake ya mwezi, na wa kwanza kwenye orodha anapewa ufunguo. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mama Pacha, mjane aliyekuwa analala na wanawe wawili kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mwaka wa tatu sasa. Kila Jumatatu alikuja kwenye dirisha la ofisi ya mkaguzi na swali lake lile lile.

"Dada, bado?"

"Bado, mama. Vuta subira."

Na mama wa watu alikuwa ameivuta hiyo subira mpaka imebaki uzi.

Lakini mkaguzi naye alikuwa na mdogo wake. Wazazi walifariki mvulana akiwa darasa la nne, dada akamlea, akamsomesha ufundi umeme, na sasa jitu zima la miaka ishirini na sita lilikuwa bado linalala katika chumba kimoja na dada yake. Mchumba alikuwapo. Wakwe walisema hawamtoi binti yao aende kubanana na wifi. Damu nzito kuliko maji. Siku namba kumi na nne ilipobaki wazi, mkaguzi hakuandika "tupu". Aliandika: "Mkaaji yupo. Mzee, mgonjwa, hatoki nje. Anauguzwa na mjukuu."

Ilikuwa hila nzuri, tumpe haki yake. Mzee asiyetoka nje hakuna atakayeuliza mbona haonekani. Na kanuni nyingine inasema anayemuuguza mpangaji mgonjwa akikaa naye miezi mitatu, nyumba anairithi. Mdogo wake angeingia kama mjukuu, miezi mitatu ingepita, mzee angehamia "kwa ndugu zake" kwenye karatasi, na harusi ingekuwa na pa kurudi. Mama Pacha angepewa nyumba itakayofuata. Au itakayofuata hiyo.

Sasa sakafu imedekiwa. Wazo lake la kwanza lilikuwa wavamizi, akaenda chumba hadi chumba akiwa tayari kufoka. Hakukuwa na mtu, wala godoro, wala sufuria. Katika chumba kidogo cha nyuma kulikuwa na harufu tu: dawa ya kuchua, blanketi lisilofuliwa, na jasho la mtu aliyelala ubavu mmoja muda mrefu.

Nje, fundi cherehani wa nyumba ya mbele alimpungia mkono bila kuacha kukanyaga mashine.

"Mkaguzi, yule mzee wako leo kakohoa sana. Kifua kile si cha kuchezea, mpelekeni hospitali."

"Mzee yupi?"

Fundi akasimamisha mashine. "Si huyo wa humo ulimotoka?"

Angesema hakuna mzee, angekuwa amesema nyumba ni tupu.

"Aa, huyo," alisema. "Nitawaambia wenyewe." Akafunga mlango, akaondoka.

Wiki ile ile maharusi waliingia. Mkaguzi hakumwambia mdogo wake kitu, akajifariji kwamba nyumba ikiwa na watu na kelele, hata kama kuna kitu kitajiondokea chenyewe. Siku ya tisa mdogo wake alimfuata kazini. Alikuwa amevaa shati la juzi. Alimvuta hadi nyuma ya kabati la mafaili.

"Dada, sema polepole. Pale ndani alikuwa anakaa nani kabla yetu?"

"Hakuna mtu. Kwa nini?"

"Kuna mtu anamwita mke wangu. Saa nane mchana, jua linawaka, mimi niko kazini. Anaomba maji."

"Majirani hao. Kuta zenyewe nyembamba."

"Mimi pia nilisema hivyo, mpaka Jumapili nilipokuwapo. Aliniita mimi." Alimwangalia dada yake kwa macho ya yule mtoto wa darasa la nne. "Aliniita mjukuu wangu. Dada, uliandika nini kwenye ile fomu?"

Mkaguzi aliomba ruhusa, wakaenda.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi na redio ya jirani ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira. Harufu ya dawa ya kuchua iliwapokea kizingitini. Wifi yake mdogo alikuwa chumba cha nyuma, na mkaguzi alipofika mlangoni alimwona amepiga magoti kando ya godoro, ameingiza mikono yote miwili chini ya kitu kisichoonekana, ananyanyua, mishipa ya shingo imemtoka, mikono inatetemeka kwa uzito, na shuka ambalo halikuwa na mtu juu yake lilikuwa limebonyea kwa urefu wa mtu, na yeye akawa anageuza, polepole, kwa uangalifu wa muuguzi aliyezoea, mpaka ule mbonyeo ukahama kutoka upande wa dirishani kwenda upande wa ukutani, godoro likalia, na humo katikati ya hewa tupu kikatoka kikohozi kirefu chenye makohozi, kikafuatiwa na sauti ya kizee iliyosema, kwa shukrani, "Hapo, mwanangu. Hapo hapo."

Bibi harusi wa wiki mbili aligeuka. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani.

"Wifi, karibu," alinong'ona. "Usipaze sauti. Ndiyo kwanza anapata usingizi."

Walimtoa nje, wakamkalisha kwenye ngazi. Mikono yake ilinuka ile dawa hata baada ya kunawa kwa sabuni. Mkaguzi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na aliona aibu pia, na aibu ndiyo ilikuwa kubwa.

"Ondokeni leo," alisema.

"Twende wapi?" mdogo wake alimjibu kwa uchungu. "Kwako? Au kibarazani?"

Mganga aliletwa kesho yake. Alikuwa mama mnene mchangamfu, mwenye mkoba wa kawaida wa sokoni, na alianza kwa kulalamikia ngazi. Lakini alipofika chumba cha nyuma mzaha ulimwisha. Alimkalisha wifi sakafuni, akamfunika kitambaa cheupe, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Haikuchukua muda. Mabega ya binti yaliinama, kichwa kikaangukia kifuani, na jini likampanda.

"Nani wewe?" mganga aliuliza.

"Mpangaji," ile sauti ya kizee ilijibu kutoka kinywani mwa binti.

"Hapa si kwako. Toka."

"Nitoke niende wapi? Lilikuwapo gofu hapa, nilikaa humo kabla babu zenu hawajazaliwa. Mkalibomoa mkajenga nyumba zenu. Tangu siku hiyo niko nje, mvua yangu, jua langu. Sikuvamia mtu. Sikumgusa mtu. Nilingoja." Binti akakohoa, mwili mzima ukatikisika. "Nikaandikwa. Mzee, nikawa mzee. Mgonjwa, nikaugua. Hatoki nje, sitoki. Nina mjukuu, nikamdekia sakafu aje. Nauguzwa. Mwulize huyo mwenye kitambulisho kama nasema uongo."

Mganga aligeuka. Mkaguzi aliangalia sakafu.

Walipobaki wawili jikoni, mganga alimsemesha kwa kunong'ona, na hasira ndani yake.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na wewe hukusema tu, umeandika na muhuri juu. Jini mvamizi ningemtoa kabla ya saa kumi, nirudi kwangu. Huyu amepangishwa. Wa kumtoa ni aliyempangisha."

"Basi nitaandika amefariki."

Mganga alimshika mkono haraka. "Usithubutu! Ukiandika maiti, maiti itatafutwa. Na aliye karibu naye kuliko wote ni huyo binti." Akamwachia. "Mwandike amehama. Na huko utakakomwandika apokelewe. Akikosa wa kumpokea atarudi hapa hapa, atamkuta yeyote atakayekuwamo. Usije ukasema sikukuambia."

Fomu ya kuhama ina ukurasa mmoja. Mkaguzi alikuwa ameijaza kwa ajili ya watu wengine mara mia, na mkono haukuwahi kumlemea hivi. Penye "Amehamia wapi" aliandika "haijulikani", akaipeleka kwa karani mkuu, mzee wa miwani aliyeogopa kanuni kuliko alivyomwogopa mkewe.

"Hii narudisha," karani alisema. "Mgonjwa asiyetoka nje, unamhamishia haijulikani? Amehamia mbinguni?"

"Andika basi kibaraza cha duka lile lililofungwa. Pako wazi."

Alilitamka hilo bila kufikiri, na papo hapo akafikiri nani analala pale, na pacha wawili.

"Kibaraza si makazi," karani alisema, anasafisha miwani. "Hata yule Mama Pacha ilibidi aazime anwani ya zahanati ndipo jina lake likapokelewa. Nataka mlango, nataka namba, nataka sahihi ya anayempokea. Na umwambie huyo mjukuu miezi mitatu haijatimia, hana chake. Nyumba inarudi kwenye orodha."

Kwa kuhesabu tangu siku mjukuu alipoandikwa kwenye fomu, zilikuwa zimebaki wiki saba tu mdogo wake arithi. Mkaguzi alizihesabu mara mbili, na kila alipohesabu aliona mashavu ya wifi yake. Wiki saba binti yule asingezimaliza. Akachukua kalamu. Mlango mmoja tu aliokuwa na haki ya kuuandika ulikuwa wake mwenyewe. Aliandika namba ya chumba chake, na penye "Anayempokea" akatia sahihi.

Mdogo wake na mkewe walienda kwa wakwe, walioguna lakini wakawapa sebule walale. Binti alilala siku mbili mfululizo, akaamka anaomba chakula. Jumatatu Mama Pacha alikuja dirishani, na kabla hajauliza, mkaguzi alisukuma ufunguo chini ya kioo.

Mama wa watu hakuugusa. Aliutazama tu.

"Ni namba ngapi, dada?"

"Kumi na nne."

"Nasikia alikuwapo mzee mgonjwa. Kapona?"

"Kahama."

"Afadhali. Kwa nani?"

"Kwa ndugu."

"Mungu awabariki hao ndugu," Mama Pacha alisema, sasa machozi yanamtoka bila haya. "Siku hizi nani anampokea mgonjwa? Na wewe Mungu akulipe, dada yangu." Mkaguzi alitamani dirisha lingekuwa na pazia.

Jioni ile alipita mbele ya namba kumi na nne akienda nyumbani. Pacha walikuwa wanafungua na kufunga mlango, wanafungua na kufunga, kwa raha ya kuwa nao tu, na mama yao anawafokea kwa sauti ya mwenye nyumba. Hakusimama.

Chumbani kwake alikaa kitandani na viatu miguuni. Jua lilikuwa halijazama. Akafikiri kwamba pengine mganga ni mwongo kama wengine, pengine karatasi ni karatasi tu, na wakati anafikiri hivyo ilianza kuja, kwanza hafifu kwa mbali, katika ukumbi mrefu wa pamoja ambapo majirani walikuwa wanapika na kusutana kama kila siku, harufu ya dawa ya kuchua, kisha nyayo zinazoburuzwa, hatua moja, pumziko, hatua nyingine, pumziko, na hakuna jirani aliyeuliza ni nani huyo anayepita, zikapita mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, zikafika kwake, zikasimama, na kile kikohozi alichokifahamu kikasikika, kirefu, cha mtu aliyetembea sana akiwa mgonjwa.

"Hodi."

Komeo lilikuwa limefungwa. Alijua kwamba akinyamaza mara tatu, mgeni ataondoka. Alijua pia atarudi wapi, na watakaomfungulia mlango kwa furaha ni watoto wa miaka saba.

"Hodi," sauti ilirudia, kwa upole.

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alivua viatu, akasogeza mto upande wa ukutani, akanyoosha shuka kwa kiganja.

"Hodi, mjukuu wangu."

"Karibu, babu," mkaguzi alisema, akainuka kwenda kufungua.