Majina Yaliyotiwa Mashineni

Zulia la kasino lilikuwa limelowa tena asubuhi ile, na hakuna aliyemwaga kitu. Mzee wa usafi, ambaye wafanyakazi wote walimwita Mjomba, alipiga magoti kwenye safu ya mwisho ya mashine, akabonyeza zulia kwa kiganja, na maji yakamtokea katikati ya vidole. Alinusa kiganja, akakunja uso, akajifuta kwenye suruali. Kisha akamwita mgawa karata, binti aliyekuwa anafunga vifungo vya sare yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba maji yale yalikuwa ya uvuguvugu.

"Labda bomba limepasuka," mgawa karata alisema.

"Upande huu hakuna bomba, mwanangu."

Meneja alipopewa habari hakuuliza maji yametoka wapi. Aliuliza kama yananuka. Yalinuka, tena vibaya: tope lililolala siku nyingi, na ndani ya tope kitu kingine chenye utamu wa kuoza, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Meneja akaagiza manukato zaidi yatiwe kwenye viyoyozi. Kufikia saa ya kufungua milango, ukumbi mzima ulikuwa unanuka waridi na mzoga kwa pamoja. Watu waliingia hivyo hivyo, wakisukumana.

Kabla ya kuwa kasino, jengo lile lilikuwa ghala la nafaka. Mto ulipovunja kingo zake na kuumeza mji, ghala ndilo lililobaki limesimama, kwa hiyo maiti walilazwa humo wakisubiri ndugu zao waje kuwatambua. Wengine walitambuliwa kwa soksi. Baadaye maji yakarudi mtoni, watu wakazika, na mji ukabaki hauna mbele wala nyuma. Viwanda vilikuwa vimekwenda na maji. Hapo ndipo Meya alipotoka na dawa yake ya kufufua uchumi, na dawa yenyewe haikuwa kiwanda wala soko, ilikuwa kasino. Wageni watamiminika na fedha zao, alisema, vijana watapata ajira, na mji utasahau machozi. Wawekezaji walikuwa na haraka na ghala lilikuwa na paa tayari. Hata tope halikuzolewa lote. Zulia jekundu lilitandikwa juu yake, likapigwa misumari pembeni.

Wageni hawakuja. Nani aache kwao aje kucheza kamari kwenye mji unaonuka tope? Basi likafanyika jambo ambalo hata leo ukilisimulia unataka kutema mate. Kifuta machozi cha wafiwa, fedha zilizochangwa na watu wema wa mbali, kiligawiwa kwa sarafu za plastiki zisizotumika popote isipokuwa kasino, eti fedha izunguke humu humu mjini. Siku ya ufunguzi wafiwa walipangwa mstari. Meya, ndani ya suti nyeupe, huku kamera zikimwangalia, aliomba kila mmoja atumbukize sarafu yake ya kwanza na kutaja kwa sauti jina la marehemu wake, iwe ndiyo heshima ya mwisho. Watu walikuwa na msiba, na mwenye msiba ukimwambia fanya hivi kwa ajili ya marehemu wako, hakuulizi kwa nini. Majina yakaingia mashineni, moja baada ya jingine, na waheshimiwa wakapiga makofi.

Mama yake mgawa karata alikuwa kwenye mstari ule. Alitaja jina la kitinda mimba wake, kijana fundi wa kuchomelea vyuma, aliyezama akijaribu kuokoa cherehani ya mama yake. Cherehani ilipatikana nzima.

Tangu siku hiyo mama hakuishika tena. Alikuwa fundi wa nguo anayesifika, na mtu wa usafi wa kukera. Nyumbani kwake ulivua viatu nje na kochini ulikaa kwa adabu. Sasa alishinda kwenye kiti kimoja mbele ya mashine ile ile, hali, hanywi, hainuki hata kwenda msalani. Hakuwa peke yake. Viti vyote vya safu ile vilikuwa vimevalishwa plastiki, na Mjomba alipita chini yake na ndoo na kitambaa akifuta kilichochuruzika, wakati wenyewe wanaendelea kubonyeza vitufe kana kwamba miguu ile si yao. Sheria ya kasino ilikuwa moja: mchezaji aliyekaa hagusiki. Mfanyakazi atakayemwinua mchezaji kitini amejifukuza kazi mwenyewe.

Kwa hiyo binti alisimama kwenye meza yake ya karata, akitabasamu kama alivyofundishwa, na kumwangalia mama yake mzazi akiwa ameketi kwenye sketi iliyolowa. Alimwonea kinyaa. Kisha akajionea kinyaa yeye mwenyewe, kwa sababu mshahara wa kasino ile ndio uliowalipia chumba na chakula.

Jioni alimvua mama viatu na kumwosha miguu kwenye beseni. Ngozi ya nyayo ilikuwa nyeupe, imekunjamana na kuvimba, na alipoisugua kidogo katikati ya vidole ilitoka na kubaki mkononi mwake. Alikuwa ameiona ngozi ya namna hiyo mara moja tu, ghalani, siku walipokwenda kumtambua mdogo wake.

"Mama, kesho usiende."

"Nisipoenda, nani atamjibu?"

Aliuliza anajibiwa nani. Mama akageukia ukutani na kujifanya amelala.

Kesho yake, saa ya chakula, mgawa karata hakwenda kula. Alikwenda safu ya mwisho, akajifanya anapanga viti. Mashine zilikuwa zinapiga muziki wao wa furaha, ule wa kengele unaokutia kichefuchefu ukiusikia kutwa nzima, lakini alipoinama karibu na mama alisikia sauti nyingine chini ya muziki, sauti ya kitu kinachomeza. Kilimeza, kikapumzika, kikameza tena. Pumzi ya joto ikamgusa shavuni, ikinuka lile tope.

"Bi mkubwa," mashine ilisema, "umekula?"

Hakuna mtu duniani aliyemwita mama yake Bi mkubwa ila mdogo wake, kwa utani, na hata kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho baada ya kila swali kilikuwemo. Mama akajibu kwa kunong'ona kwamba amekula, mwanangu, usiwe na wasiwasi, midomo yake ikikaribia kugusa kioo, na kioo kilikuwa na ukungu, lakini ukungu wenyewe ulikuwa kwa ndani. Mgawa karata alirudi nyuma, akageuza macho, na ndipo alipotambua kwamba safu nzima ilikuwa inanong'ona, mwanamume mmoja akimbembeleza mtoto aliyekuwa analilia maji ndani ya mashine, bibi mmoja akimwambia mumewe viatu vyake viko pale pale chini ya kitanda, wote wameinama, wote wakitumbukiza sarafu kila sauti ilipoanza kufifia, na kila sarafu ilipoingia kile kitu kikameza tena, polepole, kwa raha, mfano wa mlafi asiye na haraka na sahani yake.

Alikimbilia nje na kutapika kwenye maua ambayo Meya aliyapanda mlangoni.

Mganga ambaye mgawa karata alimtafuta baada ya siku ile alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua makali yaliyomziba pua. Ili afanane na wacheza kamari alivaa miwani ya jua na kubeba mkoba mkubwa, akafanana na mtu anayekwenda kuiba benki. Mjomba aliwapitisha mlango wa nyuma asubuhi kabla wateja hawajaruhusiwa kuingia. Mganga alitembea juu ya zulia akipiga chafya, akisema haoni ajabu yoyote, mpaka walipofika safu ya mwisho na viatu vyake vikaanza kutoa sauti ya majimaji. Kwa kuwa pua haikumsaidia, alichovya kidole, akakiweka ulimini. Ucheshi ukamwisha.

"Haya si maji," alisema. "Ni udenda."

Mjomba alitazama mikono yake mwenyewe, ile aliyokuwa akikamulia zulia kila siku, na akaanza kuisugua kwenye ukuta.

Mganga aliwaeleza huku akitema mate kwenye leso. Jini la mto lilikuja na mafuriko, likala likashiba, na maji yaliporudi lenyewe likabaki chini ya tope. Lingeachwa hivyo lingelala njaa na kuondoka zake. Lakini watu walilitandikia zulia, wakaja kwa mstari, wakaliambia majina ya marehemu wao kwa hiari, mbele ya mashahidi, na sadaka juu. Majina yale sasa ni yake na linaita nayo linavyotaka. Mdogo wako hayumo humo, alimwambia mgawa karata, akimwita kwa jina lake kwa upole; aliyemo ni mwenye njaa aliyejifunza sauti yake. Mama yako nyayo zimekwisha kuoza. Akiendelea kukaa pale hatamaliza mwezi.

"Anaweza kuokolewa?"

"Aliyelitoa jina ndiye mwenye kulirudisha. Akae pale pale, atumbukize sarafu, alitaje jina la mwanawe na kusema namchukua wangu. Likitoka jina moja, mengine nayo yatalegea."

Walijaribu kwanza njia ya wakubwa. Mgawa karata na Mjomba walikwenda ofisini kwa Meya kuomba ukumbi ufungwe siku moja tu, wafiwa wote waitwe wachukue majina yao. Meya aliwasikiliza akila korosho. Akawaonyesha dirishani barabara mpya ya lami, taa mpya, benki iliyofungua tawi, na kuwauliza wanadhani vile vimetoka wapi. Kama jini lipo kweli, alisema akicheka, basi ni mwekezaji wa kwanza asiyemwomba msamaha wa kodi. Alipocheka makombo ya korosho yalimshika kwenye meno, na mgawa karata alimchukia kuliko alivyolichukia jini.

Ikabaki kumwambia mama. Binti alitegemea matusi, akapata machozi. Mama alilia mpaka akakauka, kisha akasema kwamba amejua siku nyingi, kwamba yule wa mashineni hujua kuuliza umekula lakini hajawahi kucheka, na mwanawe alikuwa mtu wa kucheka. "Nimechoka, mwanangu," alisema. "Nipeleke nikamchukue." Alijifunga kitambaa safi kichwani. Alikula hata mkate.

Waliingia pamoja milango ilipofunguliwa: mama kitini kwake, binti upande mmoja, mganga upande wa pili na mkono ndani ya mkoba wake wa dawa, na Mjomba na ndoo yake akilinda meneja asiwaone. Mama alishika sarafu. Aliishika kwa uthabiti. Binti aliuona uthabiti huo, akapumua kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi katika jumba lile.

"Bi mkubwa," mashine ilisema kabla sarafu haijaingia. "Unakuja kuniacha?"

Mganga alimwambia asijibu. Mama hakujibu. Alifumba macho na kuinua sarafu hadi kwenye tundu, na sauti ikashuka, ikawa ndogo, ikawa ile ya kijana kabla sauti yake haijakomaa, kisha ndogo zaidi, ya mtoto aliyeamka peke yake nyumbani, ikisema mama huku ni giza, mama maji yamenifika hapa, mama kila mtu ana mtu wake na mimi sina, sikuombi uje wewe, wewe kaa, pumzika, niletee mtu mmoja tu wa kukaa naye, dada alikuwa ananishika mkono tukivuka barabara, unakumbuka, na safu nzima ikawa imeacha kunong'ona ili kusikiliza, na chini ya zulia kile kitu kikaacha kumeza, kikatulia kabisa, kama mtu aliyefungua mdomo akaubakiza wazi, na binti akamwona mama yake akifumbua macho na kumgeukia yeye, akamtazama vizuri, usoni, kwa mapenzi yale yale ya siku zote, na bado hakuelewa.

Sarafu ikaingia. Mama akataja jina.

Lilikuwa jina la bintiye, lile alilompa mwenyewe siku aliyomzaa. Alilitaja kwa sauti, kwa hiari, mbele ya mashahidi.

Udenda ulipanda kutoka zuliani ukafunika viatu vyao. Mganga alimdaka mgawa karata mkono amvute nje, akafungua mdomo amwite, na mdomo ukabaki wazi. Jina halikuja. Alimtazama Mjomba, na Mjomba, aliyemwita yule binti kwa jina kila siku ya kazi, alitikisa kichwa taratibu, machozi yakimlengalenga. Binti mwenyewe alilitafuta kichwani mwake na hakulipata.

Mashine ikakohoa. Ikajaribu sauti moja, ikaiacha, ikajaribu nyingine. "Mama," ilisema mwishowe, kwa sauti ile ile ya mgawa karata. "Nimefika. Nimemshika mkono."

Mgawa karata alisahau sheria, akamshika mama begani na kumtikisa. "Mama, mimi hapa. Mama, niangalie."

Mama aligeuka. Alimtazama sare, kisha uso, kwa ile heshima aliyokuwa akiwapa wateja wa cherehani waliokuja mara ya kwanza, akamtabasamia kidogo.

"Samahani, dada," alisema. "Naomba usogee, unaniziba. Naongea na wanangu."