Mafuta ya Breki Huenda Wapi?

Kila jioni Hosea huosha gari lake. Ni pikapu nyeupe ya milango minne. Gari hilo ndilo linalolisha familia yake. Hupakia samaki Ushongo, huwapeleka sokoni Muheza, kisha hurudi nyumbani Mabawa, mjini Tanga. Hapo huchukua sabuni na kitambaa, akasugua boneti, vioo na milango mpaka ving'ae.

Ijumaa hiyo alikuwa akiosha gari huku akiimba wimbo wa kanisani. Mkewe, Jenifa, alikuwa akikunja nguo za safari. Kesho wangepanda milima ya Amani kumchukua mama yake Hosea. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, na macho yote mawili yalikuwa na ukungu. Jumatatu daktari mjini Tanga angemfanyia upasuaji. Mama alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima.

"Baba Bryson, umeongeza mafuta ya breki?" Jenifa aliuliza.

"Nimeongeza asubuhi. Gari hili linakunywa! Hiki ni kikopo cha tatu mwezi huu."

Jirani yao, Mastura, alikuwa akipita kutoka kazini. Mastura ni fundi wa magari. Aliposikia maneno hayo alisimama.

"Shemeji, linakunywa nini?"

"Mafuta ya breki, dada Mastura. Gari limezeeka, kiu haiishi."

"Petroli ndiyo inayonyweka, kwa sababu inaungua. Mafuta ya breki hayaungui. Yamefungiwa ndani. Yakipungua kidogo kidogo kwa miezi mingi, huenda pedi za breki zimelika. Lakini kikopo baada ya kikopo? Hayo yanavuja."

"Mbona sijaona hata tone?"

"Unaegesha mchangani, halafu unamwaga ndoo nzima ya maji. Hilo tone utalionea wapi?"

Hosea aliendelea kusugua mlango. "Dada, nina safari. Sisi kila safari tunaiombea. Mungu ametulinda mpaka leo."

"Alhamdulillahi, amewalinda," Mastura alijibu. "Na leo amenipitisha mimi hapa. Pedali ikoje ukikanyaga?"

"Inazama kidogo. Nikikanyaga mara mbili inashika."

Jenifa alidakia. "Mwambie na ile taa nyekundu! Ameifunika kwa stika ya kanisa."

"Ile ni taa ya breki ya mkono," Hosea alijitetea. "Imeharibika tu. Inawaka hata nikiishusha."

Mastura alitikisa kichwa. "Taa hiyo hiyo huwaka mafuta ya breki yakipungua. Ilikuwa inakuita, shemeji, wewe ukaiziba mdomo."

"Tena kwa neno la Mungu," Jenifa alisema.

Mastura alikwenda kwake, akarudi na vifaa. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Aliinua gari kwa jeki, kisha akaweka stendi za chuma.

"Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake," alisema. "Jeki huteleza. Haya, lala chini tuangalie."

Hosea alilala chali. Kwa miaka minne alikuwa akiosha gari hilo, lakini hakuwahi kulitazama kwa chini. Juu lilikuwa jeupe. Huku chini kutu ilikuwa ikibambuka kama magome ya mti.

"Limepatwa na nini?" aliuliza.

"Maji ya samaki. Barafu inayeyuka pamoja na chumvi, inachuruzika huku kila siku. Gari lako linang'aa kama meno ya bwana harusi, lakini mbavu zimeliwa. Shoga, panda ukanyage breki."

Jenifa alipanda, akakanyaga. Karibu na gurudumu la nyuma palikuwa na bomba jembamba kama mrija wa kalamu. Tone likatokea hapo. Likaning'inia, likaanguka.

"Tena," Mastura alisema.

Tone jingine likaanguka.

Hosea alitoka chini ya gari polepole. "Bomba dogo hivi ndilo linalosimamisha gari zima?"

Mastura alifungua sanduku lake. Alitoa mabomba mawili ya sindano, yasiyo na sindano. Yalikuwa yameunganishwa kwa mpira mwembamba uliojaa maji.

"Haya nawafundishia wanafunzi wangu. Shika moja. Shoga, shika la pili. Shemeji, sukuma kijiti kwa kidole."

Hosea alisukuma. Papo hapo, mkononi mwa Jenifa, kijiti cha bomba la pili kikapanda. Hakuna aliyekigusa. Hosea alisukuma tena. Kikapanda tena.

"Ajabu!" alisema taratibu.

"Maji hayaminyiki," Mastura alieleza. "Unachosukuma huku kinafika kule. Mafuta ya breki ni hivyo hivyo. Mguu wako unayasukuma, yanafika kwenye magurudumu yote manne kwa wakati mmoja, nayo pedi zinabana. Sasa naingiza upepo kidogo. Sukuma."

Kidole cha Hosea kilizama. Kijiti cha pili kilisogea kidogo tu.

"Upepo unaminyika, nao umeingia pale panapovuja. Ndiyo maana pedali yako inazama. Na bomba la breki likipasuka, inakuwa hivi." Mastura alichomoa mpira. Hosea aliposukuma, maji yakamrukia Jenifa kifuani.

Jenifa alicheka. Hosea hakucheka. Alikuwa akiiona barabara ya Amani, kona zake na bonde lake, na mama yake akiwa amekaa nyuma.

"Ee Bwana," alinong'ona. "Wiki zote hizi nimebeba samaki na watu kwa uzi."

"Gari lisitoke hapa," Mastura alisema. "Kesho asubuhi nitalitengeneza. Mtapanda mchana, na Jumapili mtateremka. Mama atawahi kwa daktari."

Asubuhi Mastura aliondoa bomba lililooza. La upande wa pili nalo lilikuwa limeanza kuliwa, akabadilisha yote mawili. Kisha alimwonyesha Hosea kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki.

"Soma aina iliyoandikwa hapo. Nunua hiyo hiyo, kikopo kipya kilichofungwa. Kilichokaa wazi kimevuta unyevu, hakifai tena. Kila miaka miwili badilisha mafuta yote. Usitie maji wala oili ya injini, hata siku moja."

Jenifa alikanyaga pedali na kuishikilia, Mastura akatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, gurudumu kwa gurudumu, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Mwisho walijaza chombo hadi karibu na alama ya juu.

"Kila wiki chungulia hapa," Mastura alisema. "Mafuta yakae kati ya alama hizi mbili. Yakishuka haraka, usiongeze ukaondoka. Tafuta fundi. Na ukishusha samaki, osha na chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi."

Hosea alikanyaga. Pedali ilikuwa juu, ngumu. Alibandua stika. Taa nyekundu ilikuwa imezimika.

Kabla ya kuondoka waliomba, kama kawaida yao. Lakini mara hii Hosea alifungua boneti kwanza na kutazama alama, ndipo akafumba macho.

Jumapili waliteremka kutoka Amani na mama. Barabara ilikuwa na ukungu na matope. Hosea aliendesha kwa gia ya pili, ili injini isaidie kulizuia gari. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa mlima, upande wa pili bonde.

Alipokata kona, aliona lori la majani ya chai. Lilikuwa limekwama na kuziba barabara yote.

Alikanyaga mara moja.

Gari lilisimama. Kati yao na lori zilibaki hatua tano.

Hosea aliutazama mguu wake juu ya pedali. Ulikuwa mguu mmoja tu, ndani ya kiatu kile kile cha sokoni. Nao ulikuwa umesimamisha chuma, mizigo na roho tatu kwenye mteremko. Machozi yalimlengalenga.

"Asante, Bwana," alisema. "Na umbariki Mastura."

Aligeuka kumtazama mama yake. Alikuwa amelala kwenye bega la Jenifa. Hata breki ile haikuwa imemwamsha.