Sebule Juu ya Njia ya Wafungwa

Vikombe vya kahawa ya Jumapili vilitetema vyenyewe mezani, na Ottokar Haslinger akawalaumu panya. Panya! Mwanaume mzima na ndevu zake, vita vimekwisha miaka kumi, bado anatafuta wa kumsingizia.

Sebule hiyo mpya aliijenga juu ya njia ambayo Wanazi waliwapitishia wafungwa wa kambi kila siku kwenda kuvunja mawe. Akapaka chokaa, akatundika msalaba, akadhani yamekwisha. Thubutu!

"Baba, panya gani anavaa viatu?" binti yake Irmgard alinong'ona, akimkumbatia mwanawe mdogo, Vroni. "Hii ni miguu ya watu. Kwani wale wafungwa mliwahi kuwaona?"

"Sisi hatukujua lolote."

Wimbo huo kijiji chetu chote kimeukariri, hakuna anayekosea hata neno.

Padri aliitwa. Akanyunyiza maji ya baraka, akala keki vipande viwili, akaaga. Hajafika hata getini, viatu vya mti vikaanza tena, ko, ko, ko, vikiingilia ukuta huu na kutokea ule, na pamoja navyo harufu ya vumbi la mawe na matambara yaliyolowa, na pumzi za watu waliochoka zikiwapita shingoni pale walipoketi, mpaka kitu kikaanguka puu kando ya jiko na miguu yote ikasimama.

"Huyo ndiye aliyeomba maji," akasema Notburga, mke wa Ottokar, kisha akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Kumbe ulimwona, Mama."

"Tulifunga dirisha tu, mwanangu. Wote walifunga."

"Nyamaza wewe mwanamke!" Ottokar alifoka kwa sauti ya chini.

Vroni aliteleza kutoka mapajani mwa mama yake, akachukua kikombe chake cha maji, akakipeleka kando ya jiko na kukiinua juu. Halikudondoka hata tone. Aliporudi nacho kilikuwa kikavu.

"Amekunywa," akasema.

Irmgard alimvalisha mtoto koti, wakaondoka saa ileile. Hawajarudi.

Viatu navyo havipiti tena. Vimesimama humo humo sebuleni, na pumzi zinasikika. Kila Jumapili Ottokar, shujaa wetu, hupiga magoti na kuweka kikombe cha maji kando ya jiko.

Cha kwake hakinywewi.