Mikono ya Kalunde na Unga wa Ubuyu

Nzuki alikuwa akikamua mbuzi aliposikia mkewe akilia kwa sauti ya chini. Aligeuka. Kalunde alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiondo, kama kila asubuhi. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umesimama. Vidole vilikuwa vimejikunja na kukakamaa, na kamba ya katani imebanwa katikati.

"Mama Mulei, ni hiyo mkono tena?"

"Itaachilia tu. Wewe kamua mbuzi."

Nzuki hakukamua. Alipiga magoti akaanza kuvinyoosha vile vidole, kimoja kimoja, polepole. Hii ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Miguu nayo ilikuwa ikimkaza misuli mpaka anashindwa kusimama. Na Kalunde alikuwa na mimba ya miezi sita.

Shida hii ilikuwa na historia yake. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1982, surua ilipita pande za Kyuso, ikampata mtoto wao Mulei. Ilimshika vibaya. Kalunde akaweka nadhiri. Kanisani alikuwa amesikia habari za Danieli, aliyekula mboga na maji tu akanawiri. Basi akaomba: "Mungu, ukimponya mwanangu, mwaka mzima sitakula kitu cha mnyama, wala kitu kilichopita kwa moto." Hayo ya moto Danieli hakuyasema. Kalunde aliyaongeza mwenyewe, kwa maana yeye akiamua kutoa hatoi kidogo.

Mulei alipona. Tangu siku hiyo Kalunde alikula mapapai, nyanya na mchicha mbichi, sahani tele. Mimba ilikuja baadaye, nadhiri ikiwa imeshaanza.

"Kunywa maziwa kidogo," Nzuki alimsihi. "Mungu ataelewa."

"Na Mulei akiugua tena? Utaniambia nini?"

 Nzuki aliogopa kumpoteza mke na mtoto wa tumboni. Mkewe aliogopa kumpoteza Mulei. Walikuwa wakipendana sana na kila siku wakigombana.

Siku hiyo mkono ulipokwama, Nzuki alimwita jirani yao, Mama Muthoki. Mama huyu alikuwa amefundishwa mambo ya afya, na alikuwa akitembea nyumba kwa nyumba kusaidia watu. Alifika, akauangalia ule mkono, kisha akaomba kuona sahani ya Kalunde.

"Nani amekuambia kila siku mboga iwe mchicha peke yake?"

"Si ni mboga? Si ina nguvu?"

"Ina nguvu. Lakini sikiliza. Kuna madini yanaitwa kalsiamu. Hiyo ndiyo inajenga mifupa na meno. Hata misuli inaitaka, ndiyo ikaze na kuachilia vizuri. Sisi wengi tunaipata kwa maziwa. Wewe umeacha maziwa, na mtoto wa tumboni anataka mifupa yake. Akikosa, anachukua kwa mifupa ya mama."

Kalunde alishika tumbo. "Na mchicha?"

"Mchicha iko na kalsiamu, lakini pia iko na asidi inayoishikilia. Tumbo lako linapata kidogo sana. Ungekula gunia nzima na mkono bado ungekaza."

"Kwa hivyo anywe maziwa!" Nzuki akadakia. "Mwambie, Mama Muthoki!"

Mama Muthoki alimtazama, kisha akamtazama Kalunde.

"Maziwa ndiyo njia rahisi. Sitakuficha. Lakini hiyo nadhiri ni yako na Mungu, mimi sitaivunja. Twende na hiyo nadhiri tuone. Je, ulisema hutakula ubuyu?"

Kalunde alicheka kidogo, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Ubuyu ni ya watoto. Wanafyonza wakichunga mbuzi."

"Basi watoto wamekushinda akili. Ule unga mweupe wa ubuyu una kalsiamu nyingi. Koroga kwa maji safi, unywe kila siku. Moto haujaugusa. Ongeza sukuma wiki, ile changa, uikate laini sana. Hiyo kalsiamu yake haishikiliwi kama ya mchicha. Na uioshe kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya kuoshea huyanywi, kwa hivyo nadhiri iko salama."

"Na wimbi?" Kalunde aliuliza. "Tuko nayo kwa ghala. Lakini nitaipika aje?"

"Wimbi ndiyo mwenyewe! Kalsiamu yake inapita ya mahindi mbali sana. Loweka usiku mmoja. Funga kwa kitambaa chenye maji siku mbili, imee. Ikimea, kalsiamu inatoka kwa urahisi. Anika juani, saga, changanya na huo ubuyu."

Nzuki alishtuka. "Wee! Hiyo ni kimea ya pombe! Watu wa kanisa watasema nini?"

"Pombe ni mpaka uichachushe, Baba Mulei. Wimbi kumea tu haijalewesha mtu."

Kisha Mama Muthoki akaacha mzaha. "Kesho tunaenda zahanati. Hii kukaza si ya kuchezea, na wewe ni mjamzito. Wakikupa vidonge, utameza?"

Kalunde alifikiri. "Dawa sikutaja."

Walienda. Muuguzi alimpima, akampa vidonge vya kalsiamu, akamwambia arudi kila wiki mbili. "Usipopata nafuu, daktari atakuona," alisema, "na hapo tutaongea tena habari ya maziwa."

Wiki ya kwanza ilipita. Kalunde alikunywa ubuyu wake asubuhi na jioni. Lakini Nzuki alikuwa mtu asiyejua kungoja. Siku ya nane mkono ulikaza tena. Ulikaza kidogo tu, lakini Nzuki akaona giza. Kalunde alipoingia ndani, akachukua kikombe cha maziwa ya mbuzi aliyokuwa ameyakamua, akayamimina ndani ya kibuyu cha mkewe chenye ubuyu. Aliona yote ni meupe, nani angejua?

Ubuyu ni mchachu, na maziwa hayapendi uchachu. Kalunde alirudi, akainua kibuyu, akaona mabonge yanaelea.  Kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa bado ameshika kikombe.

"Ulitaka ninywe bila kujua?"

"Nilitaka upone."

"Na Mulei je? Ungemchezea Mungu kwa niaba yangu?" Machozi yalimtoka. "Ningekuwa naamka kila siku nikijua nimetimiza, na kumbe sijatimiza. Nzuki, ungenifanya nidanganye bila kujua."

Alimwaga kile kibuyu nje, akakisugua kwa mchanga mara tatu. Kwa siku mbili hakumsemesha mumewe neno lolote ila la lazima. Nzuki aliona aibu kali. Alikuwa amemtendea mkewe ubaya, na alijua.

Siku ya tatu alitoka alfajiri na gunia, akarudi limejaa ubuyu. Akaketi uani, akapasua, akatwanga kwenye kinu, akachekecha unga. Mwanamume kutwanga kwenye kinu! Jirani yake Kiema alipita njiani, akasimama kabisa.

"Baba Mulei, umeolewa?"

"Nimeolewa, naam. Na usipopita haraka nitakupa mchi."

Kalunde alisikia kutoka ndani. Alijaribu kununa, akashindwa. Alitoka na kitambaa chenye wimbi iliyomea na kuanikwa juani.

"Usimwage mbegu. Na hii twanga pole pole, ni laini."

"Nisamehe, Mama Mulei. Sitafanya tena kitu nyuma yako."

"Twanga kwanza," alisema. Lakini aliketi karibu naye.

Tangu siku hiyo Nzuki ndiye aliyetengeneza kinywaji, akikoroga mbele ya mkewe. Kufika mwezi wa pili wa kinywaji hicho, miguu ilikuwa imeacha kukaza. Vidole vikafuata. Kiondo kikaisha. Kilikuwa na mstari mmoja uliopinda, pale mkono ulipokwama ile asubuhi. Nzuki alimwambia aufumue.

"Uache," Kalunde alisema. "Nikiuona nakumbuka kumshukuru Mungu."

Mtoto alizaliwa zahanati, msichana, akalia kwa nguvu. Wakamwita Ndinda. Mwaka wa nadhiri ulipotimia, Kalunde alikibeba kile kiondo kanisani kikiwa kimejaa ubuyu na wimbi, akawaeleza wanawake wote jinsi ya kutumia.

Asubuhi iliyofuata Nzuki alikamua mbuzi. Alichemsha maziwa, akayamimina kwenye kikombe, akakiweka mezani mbele ya mkewe. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono mitupu ameiinua juu.

"Mama Mulei, haya ni maziwa. Nimeyaweka wewe ukiona."

Kalunde alicheka mpaka Ndinda akaamka. Kisha akakishika kikombe kwa mkono wa kulia, ukiwa imara, akanywa yote.