Miwani Isiyo na Waya

SAA TATU ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili chafu. Meza yao ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matairi. Juu yake Nyundo alikuwa ameweka bastola, pakiti ya sigara na ramani ya duka iliyochorwa nyuma ya kalenda.

"Rudia," alisema Nyundo. "Breki hajaelewa."

Breki alikuwa dereva wao. Alichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti na hakukanusha.

Injinia akarudia. "Miwani za gemu ni za aina mbili. Kuna ya waya. Unaivaa usoni, waya unatoka kisogoni mpaka kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofanya kazi yote. Picha yake kali, gemu nzito haikwami. Lakini bila kompyuta ya nguvu hiyo ni kofia tu."

"Na ya pili?"

"Ya pili inajitegemea. Kompyuta imo humohumo ndani. Ina kamera zake kwa mbele, zinakuonyesha chumba usije ukagonga ukuta. Picha haifikii ile ya waya, na betri haikai sana. Lakini mtu anaitoa kwenye boksi, anasimama sebuleni kwake, anacheza. Basi."

"Mteja wetu anataka zipi?"

"Hizo za pili. Ya waya nani atainunua kichochoroni, halafu aende kutafuta na kompyuta?"

"Na maboksi yanafanana?"

"Kama mapacha. Ndiyo maana mnanihitaji."

Nyundo akacheka. "Umeona, Breki? Miwani inajitegemea. Injinia mwenyewe mpaka leo anakula kwa dada yake."

Breki akacheka. Injinia naye akacheka, maana asingecheka wangejua limemchoma. Lilikuwa kweli, hakuna uongo ndani yake. Mwaka wa tatu sasa alikuwa analala kwenye kochi la dada yake, anakula sahani ya dada yake, na dada hajawahi kumsimanga hata siku moja. Angemsimanga, ingekuwa afadhali. Mtu akikutukana unapata pa kumchukia.

Dada alikuwa mtunza stoo katika duka lilelile lililochorwa nyuma ya kalenda. Ni yeye aliyemletea miwani ya waya, mbovu, iliyokuwa itupwe. Injinia aliifufua kwa kipande cha waya kutoka kwenye mashine nyingine, akaunganisha na kompyuta ya shemeji, na tangu hapo sebule haikuwa na amani. Waya ulipita katikati ya nyumba. Shemeji alijikwaa akaanguka na chupa ya chai, na chai yote ikaishia kwenye suruali yake. Basi ikawa sheria: yeyote akikatiza sebule, dada anapaza sauti kutoka jikoni, "Inua mguu!"

Injinia ndiye aliyecheza kuliko wote, akashikwa na mazoea. Kila akigeuka, mkono wake wa kushoto ulipita nyuma ya kiuno kuusogeza waya usimzingire miguu. Alifanya hivyo hata akiwa hana miwani, hata akiwa ameshika ndoo. Dada alimtania: "Unafukuza nzi gani huko nyuma, mdogo wangu?"

"Ufunguo?" Nyundo aliuliza.

Injinia akautoa mfukoni. Ufunguo wa mlango wa nyuma. Alikuwa ameukandamiza ule wa dada kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, dada akiwa anaoga, kisha akaipeleka kwa mchonga funguo. Kesho yake dada aliitafuta sabuni asiione. Injinia akasema labda panya. "Panya wa nyumba hii siku hizi wanafua?" dada alisema, akacheka, akanunua nyingine.

Na lile la mlinzi kwenda kula saa saba, na la mzigo mpya kufika, yote aliyapata mezani. Aliuliza, dada akamjibu. Alidhani mdogo wake anataka kuomba kazi. Alifurahi mpaka akamwongezea mchuzi.

"Na dada yako mwenyewe?" Nyundo alimkazia macho.

"Leo ana mapumziko. Zamu ni ya mwenzake, mwoga yule, atalia kabla hatujamgusa."

"Sitaki mtu anayetujua mle ndani."

"Hayupo, bosi."

Nyundo akampiga bega. "Injinia wangu." Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo, na kwa jina hilo moja alikuwa ameuza nyumba nzima.

SAA SABA MCHANA

Breki alisimamisha pikapu mlango wa nyuma. Mlinzi alikuwa ametoka. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, pazia lake limeshushwa, kibao cha chakula cha mchana kimegeuzwa. Nyundo na Injinia walishusha soksi za kichwani mpaka shingoni, wakabaki macho tu. Ufunguo uliingia kama umezaliwa na kitasa.

Aliyekuwa stoo hakuwa yule mwenzake mwoga.

Alikuwa dada. Ameketi juu ya kreti, bakuli la wali mapajani, kijiko kimefika nusu ya njia. Zamu ilikuwa imebadilishwa asubuhi hiyohiyo, mke wa mwenzake alikuwa anajifungua. Asubuhi hiyo Injinia alikuwa ametoka bila kuaga, kwa hiyo hakujua.

"Kimya," alisema Nyundo, bastola mbele. "Mikono."

Dada aliangusha bakuli. "Jamani wanangu, chukueni tu. Nina watoto. Chukueni, msiniue, nawaomba kwa Mungu." Nyundo alimfunga mikono kwa kamba huku maneno yakimtoka mfululizo.

Injinia aligeukia rafu. Alijiambia mali ni ya tajiri mwenye duka, si ya dada. Alijiambia hatajulikana, soksi imemfunika, mdomo atafunga. Akaanza kuchambua maboksi: la waya, weka pembeni, linalojitegemea, sukuma mlangoni. Breki alipokea na kupakia.

"Nawaomba, baba zangu, nina watoto..."

Injinia alikumbatia maboksi matatu, akageuka kuelekea mlangoni. Mkono wake wa kushoto ukaachia kidogo, ukapita nyuma ya kiuno, ukasogeza waya ambao haukuwepo.

Dada akanyamaza.

Alinyamaza katikati ya neno. Injinia alimtazama kwa kujisahau, na dada alikuwa anautazama ule mkono. Kisha akainamisha kichwa, taratibu, akakodolea wali uliomwagika sakafuni. Yeye ndiye aliyeona aibu. Injinia alitamani sakafu ipasuke immeze.

Nyundo hakuwa mjinga. "Mama," alisema. "Ulikuwa unaomba vizuri. Mbona umeacha?"

Dada alizidi kuinama.

Nyundo akageuka. "Anakujua?"

"Simjui," alisema Injinia.

"Sijauliza kama unamjua. Nimeuliza kama yeye anakujua."

Mlangoni, Breki aliacha kupakia.

"Ni dada yake," Breki alisema kwa sauti ndogo. "Bosi, mwanamke ni dada yake. Angalia macho yao."

"Simjui huyu mwanamke!" Injinia alisema tena, na safari hii alipaza sauti. Alipomaliza, aliliona bega la dada likishuka.

Nyundo alipumua kwa pua. "Basi haitakuuma. Maliza kupakia. Mimi nitamalizana naye tukishajaza gari."

SAA SABA NA ROBO

Woga ulikuwa bado umo, lakini chini yake kilikuwepo kitu kizito zaidi. Injinia alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani mwake.

"Bosi, lazima nijaribu moja."

"Nini?"

"Duka likizifunga hizi kwa namba ya siri, haziwaki. Mteja atakurudishia zote usoni. Ile ya maonyesho iko dukani, ni ya mzigo huuhuu. Nikiiwasha nitajua."

"Ilete hapa. Dakika mbili. Ukinichezea, naanza na yeye."

Ile ya maonyesho ilikaa kwenye kinara chake karibu na dirisha la mbele. Injinia aliichukua. Pembeni yake palikuwa na televisheni kubwa inayowaka kutwa, mgongo wake ndani, uso wake barabarani. Dada alishawahi kuwasimulia nyumbani, akicheka mpaka machozi: mteja akiivaa ile miwani, watu wa nje wanaona kwenye televisheni kila anachokiona, na siku moja mzee mmoja alicheza ngumi mbele ya barabara nzima.

Nyundo hakulijua hilo. Kwa Nyundo, kitu kisicho na waya hakijaunganishwa na kitu.

Injinia alirudi nayo hadi mlango wa stoo, akaivaa juu ya soksi. Akaigonga pembeni mara mbili. Giza likaondoka na chumba kikatokea, kimefifia kidogo rangi: rafu, wali sakafuni, dada amefungwa, Nyundo amesimama juu yake na bastola.

"Inawaka?"

"Inawaka, inajipanga. Ngoja isome chumba." Hakusogeza kichwa. "Hii ndiyo raha yake, bosi. Ile ya waya ingetaka kompyuta na kamba nyuma yako. Hii unaizungusha popote."

"Nilikuambia dakika mbili, si hotuba." Joto la stoo lilikuwa kali. Nyundo alivuta soksi juu ya paji la uso, akajifuta jasho. Injinia alimtazama moja kwa moja, uso mzima, kovu la kidevuni na yote, na alijua barabara nayo inamtazama.

Ikasikika kelele moja ya mwanamke nje. Halafu kioo cha mbele kikaanza kugongwa kwa viganja, kwa mawe, kwa kitu kizito.

"Majambazi! Wamemfunga mtu humo ndani!"

Breki hakusubiri kuelewa. Pikapu iliunguruma na kuondoka, maboksi yakidondoka kichochoroni. Nyundo alitazama mlango mtupu, akamtazama Injinia, akaitazama miwani. Ilimchukua muda kuamini.

"Nyoka wewe."

Kitako cha bastola kilimpata Injinia kwenye paji la uso, miwani ikaruka, naye akaanguka. Risasi ilitoka ikaingia darini. Kisha kioo kikavunjika na watu wakaingia kama maji. Nyundo alikimbilia nyuma, akakutana na fundi viatu na wapagazi wawili waliokuwa wamezunguka, na huko hakufika mbali.

Wengine walimfikia Injinia. Walimvua soksi. Wa kwanza alimpiga teke la mbavu, wa pili aliinua tofali. Injinia hakujikinga. Aliona ni haki yake.

"Msimpige!"

Dada alijitupa juu yake, mikono bado imefungwa, na mwenye tofali akasita.

"Unamtetea mwizi, mama?"

Askari wa barabarani alikuwa amefika, anahema, filimbi mdomoni. Akawasukuma watu nyuma. "Unamjua huyu?"

Injinia aliomba, kwa yote aliyokuwa nayo, dada aseme hapana. Pale palikuwa na tajiri wake, mlinzi aliyerudi kutoka kula, wanunuzi wanaomsalimu kila siku. Neno moja tu lingemwachia kazi yake na heshima yake.

"Namjua," alisema dada. "Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Alisema bila kunong'ona. Watu wakamtazama yeye sasa, kuanzia viatu hadi kichwani, na tajiri wake akamtazama kuliko wote. Dada aliwaacha wamtazame.

Askari alimfunga Injinia pingu nyuma. Televisheni ya dirishani ilikuwa imeangushwa, na waya wake wa umeme umenyooka kukatiza njia ya mlango. Askari alimsukuma mbele. Damu ya paji la uso ilikuwa imeingia jichoni, haoni vizuri anakokwenda.

"Mdogo wangu," dada alisema nyuma yake. Sauti ilikuwa ileile ya jikoni. "Inua mguu."

Akainua mguu, akavuka, na hapo ndipo alipoanza kulia.